John Boyd Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelipa tairi pumzi

MTU anayeshuka kwa baiskeli kutoka vilima vya Ngara, huku mikungu ya ndizi ikiwa imefungwa nyuma yake, hana mengi ya kumlinda. Ana breki, ana macho, na chini ya gurudumu la mbele ana kipande cha mpira kinacholingana na kisanduku cha kiberiti. Hicho ndicho kinachogusa ardhi.

Gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji huyumba na mara nyingi hujiokoa. La mbele likiteleza, hapati nafasi ya kufikiri. Usukani hukosa kazi, baiskeli hulala, na mzigo humfuata alipoangukia. Ndiyo maana swali la tairi gani lifungwe mbele, la mpira laini au mgumu, jembamba au pana, si la wanamichezo wa Ulaya pekee. Ni swali la mkulima na mfanyabiashara mdogo wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambao kwao baiskeli imekuwa gari la mizigo kwa miaka mingi.

Mtu aliyelifikisha swali hilo duniani hakuwa fundi baiskeli wala mhandisi. Alikuwa daktari wa mifugo, mwenye ndevu nyingi, ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa mamilioni ya matairi bila yeye kupata utajiri uliotokana nalo. Huyo ni John Boyd Dunlop.

Mtoto wa mkulima

Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire, nchini Scotland. Familia yake ilikuwa ya wakulima, naye tangu utotoni alionekana kuwa mtu wa vitabu zaidi kuliko wa jembe. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh na kuhitimu mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Baada ya kufanya kazi kwao kwa karibu miaka 10, alivuka bahari mwaka 1867 na kuhamia kaskazini mwa Ireland. Kwanza alikuwa Downpatrick, kisha akahamia Belfast, ambako ofisi yake ya matibabu ya wanyama katika mtaa wa May ilikua na kuwa miongoni mwa kubwa zaidi nchini humo. Mwaka 1871 alimuoa Margaret Stevenson, na wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Kazi ya daktari wa mifugo enzi hizo ilikuwa kazi ya barabarani. Farasi ndiye aliyekuwa lori, basi na teksi ya mji. Kila siku Dunlop alipita katika mitaa ya Belfast iliyotandikwa mawe, akisikia magurudumu ya mbao na chuma yakigonga, na akitibu wanyama waliochoshwa na mizigo iliyovutwa juu ya mawe hayo. Alijua kwa uzoefu kwamba sehemu kubwa ya nguvu za mnyama haikwenda katika kusukuma mzigo mbele, bali ilipotea katika mitikisiko.

Baiskeli za wakati huo nazo hazikuwa na nafuu. Tairi lilikuwa utepe wa mpira mzito usio na hewa ndani, uliobandikwa kwenye rimu. Kila jiwe lilipanda kupitia gurudumu hadi mikononi na mgongoni mwa mwendeshaji.

Jaribio la uani

Mwaka 1887 mtoto wake wa kiume, Johnny, alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, naye alilalamikia mitikisiko. Oktoba mwaka huo baba yake alianza majaribio.

Alichukua duara la ubao, akatengeneza bomba kutokana na karatasi nyembamba ya mpira, akalifunika kwa kitambaa kigumu na kulipigilia misumari kuzunguka ubao huo. Hewa aliijaza kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akafanya jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulielewa. Alilichukua gurudumu la mbele la baiskeli ya mwanawe, lenye mpira mgumu, akalisukuma liviringike uani. Lilikwenda, likapoteza nguvu, likaanguka. Akalisukuma duara lake la ubao lenye hewa. Hilo liliviringika hadi mwisho wa ua, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Matokeo hayo yalipingana na mawazo ya wengi. Ilidhaniwa kuwa kitu kigumu ndicho chepesi kuviringika, na kwamba kitu laini lazima kichelewe. Dunlop aliona kinyume chake. Katika barabara mbovu, tairi gumu hulazimika kulipanda kila jiwe na kuinua mzigo wote, wakati tairi lenye hewa hulimeza jiwe na kuendelea na safari.

Mwanzoni mwa mwaka 1888 alifunga matairi ya hewa kwenye magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya Johnny. Majaribio yalifaulu, na baada ya hapo alihamia kwenye matairi makubwa zaidi ya baiskeli za watu wazima. Desemba 7, 1888, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi.

Mbio zilizozima kicheko

Watu waliyacheka matairi hayo mapya, manene na yenye sura ya soseji. Kicheko hicho kilikoma Mei 18, 1889, katika mashindano ya Queen's College mjini Belfast. Mwendeshaji aitwaye Willie Hume, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa, aliingia uwanjani na baiskeli yenye matairi ya Dunlop na kushinda mashindano yote manne ya baiskeli. Muda mfupi baadaye alivuka hadi Liverpool na kuendelea kushinda.

Miongoni mwa walioshindwa Belfast walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Du Cros hakupoteza muda kulalamika. Mwaka huohuo alianzisha kampuni ya kutengeneza matairi ya hewa mjini Dublin, na Dunlop akaikabidhi hataza yake kwa kupewa hisa.

Hata hivyo, pigo halikuchelewa. Takriban miaka miwili baada ya kupewa hataza, Dunlop alijulishwa kuwa haina nguvu kisheria. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameshasajili wazo la tairi la hewa mwaka 1845, miaka 43 kabla yake. Thomson aliyajaribu matairi yake kwenye magari ya farasi mjini London, lakini wakati huo hapakuwa na mpira mwembamba wa kutosha wala baiskeli za kuyahitaji. Wazo lake lilisahaulika, naye alifariki dunia mwaka 1873.

Kampuni iliokolewa na hataza nyingine ilizozipata, zikiwamo za Charles Kingston Welch na William Bartlett za mwaka 1890, zilizohusu namna ya kulishika tairi kwenye rimu ili liweze kuvuliwa na kufungwa tena. Bila hatua hiyo, pancha moja ingekuwa adhabu ya nusu siku. Fundi anayekaa chini ya mwembe Nyakahura au Rulenge, akivua tairi kwa dakika chache na kubandika kiraka, anafaidi kazi ya watu hao.

Dunlop alijiuzulu katika kampuni hiyo mwaka 1895 na kuuza hisa zake. Mwaka uliofuata, 1896, kampuni iliuzwa kwa pauni milioni tatu za Uingereza kwa mfanyabiashara Ernest Terah Hooley, ambaye aliigeuza haraka na kuiuza kwa umma kwa pauni milioni tano. Mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila tairi hakuwa mezani mali hiyo ilipogawanywa.

Aliishi Dublin kwa utulivu, akiwa na maslahi katika biashara ya nguo, hadi alipofariki dunia Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Deans Grange. Kumbukumbu zake kuhusu historia ya tairi la hewa zilichapishwa baada ya kifo chake kwa juhudi za binti yake.

Mpira uliolowa damu

Maisha ya mvumbuzi huyu hayawezi kuelezwa kwa haki bila kutaja kilichotokea Afrika. Baada ya mwaka 1888 mahitaji ya mpira duniani yalipanda kwa kasi, kwanza kwa ajili ya baiskeli na baadaye magari. Magharibi mwa Ngara, ng'ambo ya Rwanda na Burundi, ilikuwapo Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu mwaka 1885. Huko wanavijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mipira ya msituni. Walioshindwa kutimiza kiasi kilichotakiwa walipigwa, familia zao zilishikwa mateka, na wengine walikatwa mikono. Kelele za dunia zililazimisha nchi hiyo ichukuliwe na serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, walowezi walipanda mpira kwa wingi kaskazini mashariki, hususan maeneo ya Tanga. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa sababu ya mpira nafuu wa mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Dunlop hakuyaagiza hayo, lakini faraja aliyomtafutia mwanawe iligeuka kuwa jasho na damu ya watu ambao hawakuwahi kuiona baiskeli.

Ugumu na ulaini

Dunlop alitumia hewa kuleta ulaini. Waliomfuata waligundua kwamba mpira wenyewe nao unaweza kupikwa kwa namna tofauti. Msingi uliwekwa na Mmarekani Charles Goodyear, ambaye mwaka 1839 alibaini kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Mapema katika karne ya 20 watengenezaji walianza kuongeza masizi maalumu ya kaboni, ambayo yaliupa mpira nguvu ya kustahimili msuguano. Kabla ya hapo matairi mengi yalikuwa ya rangi ya kijivu au nyeupe. Weusi unaozoeleka leo ni alama ya mchanganyiko huo.

Kila mchanganyiko ni mapatano. Mpira laini huingia katika vitundu vidogo vya jiwe na kulishika, hasa barabara ikiwa na unyevu. Lakini hulika haraka na humchosha mwendeshaji, kwa kuwa sehemu ya nguvu zake hugeuka joto ndani ya mpira. Mpira mgumu huviringika kwa wepesi na hudumu, ila juu ya jiwe lililoloa huteleza kama sabuni. Viwanda hupima ugumu huo kwa kipimo cha Shore. Matairi ya baiskeli za milimani yanayokaribia 42 huhesabiwa laini sana, ya 50 ya kati, na ya 60 na kuendelea magumu. Baadhi huwekewa mpira mgumu katikati na laini pembeni, ili tairi lidumu kwenye barabara nyoofu na lishike kwenye kona.

Dukani Biharamulo mjini au Ngara mjini namba hizo hazionekani. Kipimo kilichopo ni ukucha wa kidole gumba. Kashata ya tairi ikibonyea na kurudi polepole, mpira ni laini. Ikikataa kabisa, ni mgumu, au tairi limekaa juani muda mrefu hadi limekauka. Nyufa ndogo ubavuni husema ukweli ambao muuzaji anaweza asiuseme.

Upana na hewa

Suala la upana lilipata sura mpya California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa Marin, wakiwamo Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi mapana ya inchi 26 kwa 2.125 na kushuka nazo njia za vumbi za mlima Tamalpais. Mashindano yao maarufu ya Repack yalianza mwaka 1976. Kutokana na mchezo huo ilizaliwa baiskeli ya milimani, ambayo baadaye ilifika hadi Kagera na kukaa pembeni ya baiskeli ya kale ya inchi 28 kwa moja na nusu.

Hesabu ya upana si ngumu. Gurudumu la mbele likibeba kilo 40 na tairi likiwa na hewa ya paundi 60 kwa inchi ya mraba, sehemu inayogusa ardhi ni takriban inchi moja na nusu ya mraba. Hewa ikipunguzwa hadi paundi 30, sehemu hiyo huongezeka maradufu na kufikia karibu inchi tatu. Tairi jembamba haliwezi kuvumilia hewa hiyo ndogo, kwani rimu itagonga jiwe na kuuma tyubu. Tairi pana linaweza. Hapo ndipo faida ya upana ilipo: kumruhusu mwendeshaji kutumia hewa kidogo bila kuharibu gurudumu.

Kazi za magurudumu mawili hazifanani. La nyuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo na husukumwa na mnyororo, hivyo hulika mapema. La mbele huongoza, na breki inapokamatwa mteremkoni uzito wote huelekea kwake. Kwa sababu hiyo waendeshaji wengi wa milimani hufunga mbele tairi pana na laini zaidi, na nyuma jembamba kidogo na gumu zaidi. Laini la mbele halilipi gharama kubwa ya kulika, kwa kuwa halisukumi mzigo.

Ngara na Biharamulo

Wilaya hizo mbili ni jirani, lakini ardhi yake haidai tairi moja. Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, yenye miteremko inayoelekea mito ya Ruvubu na Kagera hadi maporomoko ya Rusumo. Masika yakifika, njia za udongo mwekundu hugeuka utelezi. Huko tairi la mbele la inchi 1.95 au 2.1, lenye kashata zilizoachana ili tope lidondoke, na mpira wa kati au laini, hulipa gharama yake katika mteremko mmoja.

Biharamulo ina maeneo mapana ya misitu ya miombo na safari ndefu, ikiwamo barabara ya lami inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga na Nyakahura kuelekea Rusumo, inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Anayepita humo kila siku atachoshwa na tairi pana lenye kashata kubwa. Humfaa zaidi la upana wa kati, lenye mstari wa mpira ulioshikana katikati, na hewa ya kutosha.

Yapo pia mambo ya kuangaliwa kabla ya kutoa fedha. Tairi lililoandikwa inchi 26 kwa 1.95 haliingii kwenye rimu ya 26 kwa 1 na 3/8, ingawa zote huitwa 26. Tairi pana lazima lizunguke bila kugusa uma wa mbele wala madigadi, na nafasi ya kutosha ibaki kwa ajili ya tope. Lisipozunguka kwa uhuru, tope litalikamata katikati ya mteremko na kuwa breki ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwenye fedha ya tairi moja tu hukabiliwa na kishawishi cha kulifunga nyuma, mahali ambapo uchakavu unaonekana zaidi. Utaratibu ulio salama ni kulihamishia nyuma tairi la mbele ambalo bado lina uhai, na jipya kulifunga mbele. Kipara cha nyuma humchelewesha mtu. Kipara cha mbele humlaza hospitalini.

Zaidi ya miaka 130 imepita tangu duara la ubao ligonge nguzo ya lango mjini Belfast. Hataza ilipotea, hisa ziliuzwa, na kampuni zenye jina la Dunlop zimepita mikononi mwa wengi. Kilichobaki ni jambo ambalo daktari huyo wa mifugo alilibaini kwa kutazama tu, kwamba barabara mbovu haishindwi kwa ugumu. Mwendeshaji anayesimama juu ya kilima cha Ngara, akibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba kabla ya kushuka, anarudia jaribio lilelile.